Siku Nliyobishana na Chungwa

Nyinyi mnaonijua mnaijua nusu ya habari hii, maana nusu yake ilizagaa mji mzima siku ile ile kabla ya magharibi, na mpaka leo nikipita Darajani hakosi mtu wa kunipigia kelele "Maalim, chungwa!" na mie nkajifanya nnatazama bei ya vitunguu, lakini nusu ya pili, ile inayoniuma, sijapata kumhadithia mtu. Basi leo nnaisema kwa mdomo wangu mwenyewe: yaliyonikuta Sikukuu pili ya Idi pale Mnazi Mmoja hayakuletwa na pembea wala na urojo. Yaliletwa na wivu. Wivu wa mtu mzima mwenye mvi za ndevu, mwalimu wa Fizikia wa miaka kumi na saba, na aibu yake nnayo mpaka sasa.

Kwanza mumjue Maalim Nassor. Huyu ni kijana aliyeletwa skuli kwetu mwaka jana kusomesha Fizikia Kidato cha Kwanza na cha Pili, mie nkabaki na cha Tatu na cha Nne. Sina ubaya naye (nlikuwa nao, lakini ngojeni). Miaka yote hiyo mie nasomesha kama nlivyosomeshwa, nnaingia, naandika ubaoni, wao wananakili, kengele ikilia nnatoka. Yeye wiki ya kwanza tu kaingia darasani na gurudumu la baiskeli! Kalishika kwa mikono miwili, kamwambia mtoto mmoja alizungushe kwa nguvu, mwenyewe kakaa juu ya kiti cha ofisini, kile kinachozunguka, akawa akiliinamisha gurudumu upande huu kiti kinamgeuza chenyewe, akiliinamisha upande wa pili kinamrudisha, watoto wanapiga makofi, na wanafunzi wangu mie wa Kidato cha Nne, waliokuwa wakinakili kimya tangu asubuhi, wakaniacha na chaki mkononi wakaenda kuchungulia dirishani kwake. Mara ya pili kaja na yai bichi na yai la kuchemsha, kayazungusha juu ya meza ili wajue lipi ni lipi bila ya kulivunja. Nkasema moyoni, huyu ni mwalimu au ni mtu wa mazingaombwe? Na jioni yake, sikufichini, nlikuwa jikoni kwangu nnazungusha mayai, mke wangu Rukia akaniuliza natafuta nini, nkamwambia chumvi.

Hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni mwanangu Ilham. Ilham yuko Kidato cha Pili, darasa la huyo huyo Nassor, na tangu mdogo alikuwa haniachi nipumue kwa masuali, kwa nini mpira ukitupwa juu unarudi, kwa nini mlango ukiusukuma karibu na bawaba unakuwa mzito na ukiusukuma karibu na komeo unakuwa mwepesi, na mie ndiye niliyekuwa mjuzi wa dunia nzima. Ghafla nyumba ikajaa "Maalim Nassor kasema." Maalim Nassor kasema hivi, Maalim Nassor kafanya vile. Siku moja nkahesabu tukiwa tunakula: mara saba, na samaki mwenyewe hajageuzwa upande wa pili. Kila akilitaja jina lile nnasikia kitu kinanichoma hapa, chini ya kifua, na chakula kinakuwa hakina ladha. Kisha akaja kuniomba ruhusa awe anakwenda kwa Maalim Nassor, Mlandege, kila Jumamosi, kuna wenzake wanasoma masomo ya ziada pale. Nkamwambia, "Baba yako ni mwalimu wa Fizikia, utakwenda majumbani mwa watu kutafuta nini?" Akawa ananiomba kila wiki, nami kila wiki nakataa.

Sasa ndipo tukaja kwenye ile jioni ya Ramadhani. Tumeshafuturu, nshakula muhogo wangu wa nazi nimeridhika, Ilham anaondosha sahani, akasema:

"Baba, jiwe ukilifunga kamba ukawa unalizungusha, kisha kamba ikakatika, Maalim Nassor kasema linakwenda mstari ulionyooka, kule lilikokuwa limeelekea pale lilipokatika."

Jamani, hiyo ni kweli tupu. Ile kamba ndiyo inayolivuta jiwe ndani na kulipindisha njia kila wakati, na ikikatika hakuna tena wa kulipinda, basi jiwe linashika njia yake moja kwa moja, linaliaga duara kwa ubavuni na kwenda zake. Hakuna jini wala nguvu inayolitupa nje. Mie nimelisomesha hilo miaka kumi na saba. Lakini mie sikulisikia jiwe wala kamba, nlisikia jina.

"Si kweli," nkasema.

Maneno mawili hayo, na ningeyarudisha mdomoni pale pale mngekuwa hamna cha kunicheka leo. Lakini nshayasema, na mtu akishasema inambidi aendelee, basi nkaendelea: "Linaruka nje. Linatoka katikati moja kwa moja kwenda nje. Ukiwa ndani ya gari ikapinda kona, si unajisikia unasukumwa mlangoni? Ndiyo hiyo." (Ambalo ndilo kosa lile lile nnalowakata wanafunzi wangu kwa wino mwekundu kila mwaka.)

Ilham akasimama na sahani zake, akaniangalia kitambo. "Una hakika, Baba?"

"Mie nimeanza kusomesha mambo haya huyo Nassor wako meno ya utotoni hayajamtoka."

"Basi tujaribu," akasema. "Sikukuu, Mnazi Mmoja, kwenye pembea ya kuzunguka. Wewe upande na chungwa, uliachie, watu waone linakwenda wapi. Ukiwa wewe ndiye, mie sitakuomba tena habari ya Jumamosi. Akiwa Maalim Nassor ndiye, uniruhusu."

"Hiyo haki," mama yake akaitikia kutoka jikoni, na wala hakuna aliyemuuliza.

Nkasema Inshaallah, ile Inshaallah ya mtu anayetaraji mambo yatasahaulika. Hayakusahaulika. Asubuhi ya pili Ilham kamwambia Maalim Nassor, mchana darasa zima wanajua, na siku ya tatu wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wananiamkia huku wanabana vicheko.

Na hapa ndipo pa kunicheka kwa haki. Badala ya kumwita mwanangu nikamwambia, nlikosea, mie nkapanga kudanganya. Hesabu nkaipiga vizuri, maana ujuzi nnao: chungwa likiwa mkononi mwangu lina mwendo wa pembea, basi pale nnapoliachia nikilisukuma nyuma kwa kifundo cha mkono, kidogo tu, watu wasione, na nikalitia na msukumo wa nje, ule mwendo wa mbele utakufa na chungwa litakwenda nje kama nlivyosema. Siku tatu nzima baada ya alasiri nlikuwa juu ya dari nnajizungusha peke yangu na ndimu mkononi, na saumu yangu, mpaka kizunguzungu kikanikalisha chini. Fikirini mtu anaijua kanuni, anahangaika usiku na mchana namna ya kuikwepa kanuni, kisa kijana mmoja kaitaja kabla yake!

Sikukuu pili ikafika. Nkavaa kanzu yangu mpya ya darizi, na kofia, nkapita nyumba tatu kutoa mkono wa Sikukuu, na kila nyumba nkatiliwa halua, nami halua siikatai. Tukatoka sote, mie, Rukia, Ilham, na mkwe wangu Bi Mwanakheri, mama yake Rukia, aliyekuja kutoka Bwejuu kula Sikukuu kwetu. Huyu mkwe wangu nnamheshimu mpaka mwisho. Miaka kumi na sita ya ndoa sijapata kuvua kofia mbele yake, na akiingia ukumbini miguu inajikunja yenyewe.

Mnazi Mmoja pamejaa, watoto na nguo zao mpya, mabaluni, achari, aiskrimu, na pembea yenyewe ipo upande wa barabarani: duara kubwa la mbao na chuma linalozunguka, katikati limepita nguzo iliyochimbiwa chini, yenyewe haizunguki, na pembeni vyuma vya kushikia. Mwenyewe anaitwa Makame, anaisukuma yeye na nduguye. Makame keshaambiwa, basi kawateremsha watoto wote, duara lote langu peke yangu. Na watu wamejikusanya, nusu ya skuli, na wazee wao.

Maalim Nassor yupo. Akanijia, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Maalim, si lazima," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Tunaweza kulifanya skuli, kwa jiwe na uzi, sisi wawili tu. Leo Sikukuu."

Mtu ananifungulia mlango niponyoke na heshima yangu, na mie (wivu hauoni haya) nkaona anaogopa! "Vipi, ushaingia baridi?" nkamwambia, tena kwa sauti, watu wakaguna.

Ilham akapanga kila kitu mwenyewe. Kachomeka bendera ya karatasi mahali pa kuliachia chungwa, kisha kavua viatu vyake vya Sikukuu, kimoja kakiweka nje kabisa kuikabili bendera, hicho changu, na kimoja kakiweka mbele, kwenye ule mstari unaoliacha duara ubavuni, hicho cha Maalim Nassor. Hatua chache nyuma ya kiatu cha Maalim Nassor alikaa Bi Time na sufuria lake kubwa la urojo, na kwenye benchi lake, bakuli mkononi, amekaa nani? Bi Mwanakheri.

Nkapanda. Makame na nduguye wakaanza kusukuma, na wakasukuma kwa raha zao, kwa sababu Sikukuu kila mtu ana nguvu. Mzunguko wa kwanza nkaizoea, wa pili nkaiangalia bendera, wa tatu bendera inakuja, nkakunja mkono kuupeleka nyuma kama nlivyozoea juu ya dari, na hapo samli ya halua ya nyumba tatu ilikuwa bado iko vidoleni mwangu. Chungwa likaniponyoka kabla sijalitia hila hata kidogo. Likaenda. Likaenda mstari ulionyooka ambao hata rula isingeuchora vile, likapita juu ya kiatu cha Maalim Nassor, katikati yake hasa, likaingia ndani ya sufuria la urojo, chubwi!

Urojo wote ulioruka, wa manjano, wa moto moto, ukamwangukia mkwe wangu.

Watu wakapiga kelele. Darasa la Ilham wanaruka wanataja jina la mwalimu wao, Bi Time anauliza nani atamlipa, na mie, kumbukeni, bado nnazunguka! Makame na nduguye wameshika mbavu wanacheka, hawasukumi lakini hawazuii, na kitu kikishakwenda kinaendelea kwenda mpaka kitokee cha kukizuia, basi kila mzunguko nnaletwa tena mbele ya Bi Mwanakheri, amesimama, urojo unamchuruzika kwenye nyusi, ananitazama, nnapita, narudi, bado ananitazama. Mara ya nne sikuweza tena. Nkaamua nijifiche nyuma ya ile nguzo ya kati. Nkaanza kutambaa kwenda katikati.

Na hilo nalo nimelisomesha, Kidato cha Nne, kila mwaka: uzito unaozunguka ukisogea karibu na kati, mzunguko unazidi kasi. Na uzito ulikuwa ni mie. Kila nkisogea ndani pembea inakimbia zaidi, watu wanadhani nafanya kusudi wanashangiria, nami nikaikumbatia nguzo kwa mikono miwili, duara linaendelea kunichukua miguu. Kumbe kwenye nguzo pametokeza nati. Ncha ya kanzu ikanasa pale, nguzo haiendi, mie nnakwenda, basi kanzu ikaanza kujiviringisha kwenye nguzo kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani, ikapanda magotini, ikapanda kiunoni, vifungo vikaruka, ikachanika ubavuni mpaka begani, praaa, na mie nkatokea upande wa pili bila yake. Fulana, na bukta. Bukta yenyewe Rukia kaninunulia Mlandege, ina picha za mananasi, na nlikuwa nshamwambia bukta ile haifai kwa mtu wa rika langu, akanambia nani atakayeiona.

Aliyeizuia pembea ni Maalim Nassor. Kairukia, kashika chuma, kakimbia nayo huku anajivuta nyuma na visigino vinachimba mchanga, mpaka ikasimama. Wala hakucheka. Watu wote wanacheka, Makame amelala chini, yeye ameuma midomo, amenishika mkono ananiteremsha pole pole, "Taratibu, Maalim, kizunguzungu hicho." Wallahi ningempenda zaidi angecheka. Hata adabu yake nlimwonea wivu, pale pale, na mananasi yangu.

Bi Mwanakheri alikuwa kageuka, kanipa mgongo. Akavua kanga yake ya juu, ile ile yenye urojo, akainyoosha nyuma bila kugeuza uso, akasema, "Mpeni ajistiri huyo baba wa watu." Kutoka Mnazi Mmoja mpaka nyumbani Mkunazini si mbali, lakini siku ile, na kanga ya mkwe, nlifika uzeeni njiani.

Nkajifungia chumbani. Hata alasiri Ilham akabisha, kaniletea chai, akaiweka, akakaa kwenye ncha ya kitanda. Miguu yake ilikuwa na vumbi bado.

"Ilham," nkamwambia, "lile jambo nlikuwa nalijua. Tangu ile jioni. Nlijua kuwa linakwenda mstari ulionyooka."

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Kuwa ulikuwa unajua. Nlisoma kwenye daftari lako la chuo, lile lililo ndani ya sanduku. Umechora duara na mshale unatoka ubavuni, umeandika kwa mkono wako. Darasani mie ndiye nliyejibu. Maalim Nassor aliuliza tu, nkajibu kama ulivyoandika, akasema ni kweli."

Nkakirudisha kikombe chini. Miezi mizima nnamwonea wivu yule kijana, na lililoniuma zaidi ya yote lilikuwa ni langu mwenyewe, limetoka kwenye daftari langu kwa mdomo wa mwanangu. Nkamuuliza kwa nini asiniambie. Akasema alitaka kuniambia, nkamwahi na "si kweli" yangu, kisha akaniuliza kama nina hakika, akangoja nimwambie mwenyewe, akangoja Ramadhani ikaisha, akangoja mpaka Makame alipoanza kusukuma.

"Sasa mwanangu," nkasema, "ikiwa mie ndiye unayenisoma, kwa Nassor unatafuta nini?"

Akafikiri. Si mtoto wa maneno ya kuumiza watu, na nadhani hakujua kuwa litaniumiza.

"Yeye ananiacha nimalize," akasema.

Akachukua kikombe, akatoka. Hakuna kicheko cha Mnazi Mmoja, wala mananasi, wala uso wa mkwe wangu ulionishusha kama hilo.

Jumamosi iliyofuata nlimpeleka mwenyewe mpaka Mlandege. Maalim Nassor akatoka, shikamoo Maalim, karibu ndani, nkamshukuru kwa mara ya kwanza, na nkiwa bado namshukuru Ilham keshapita ubavuni kwangu, keshakaa, keshafungua daftari, na wivu ukanipanda tena pale mlangoni, ule ule, haukupungua hata kidogo. Basi sikudanganyeni kwamba nimeacha wivu, hilo siliwezi. Nadhiri yangu ni moja tu, kwamba mwanangu akifungua mdomo, nami hata niwe nnaungua, mdomo wangu nitaufunga mpaka yeye aufunge wake. Alipotoka tukarudi kwa miguu, akaanza kunieleza yote aliyosoma, na mahali pawili alikosea, na ulimi ukaniwasha. Nkatembea kimya. Alipofika mwisho akanyamaza, akasubiri kidogo, kisha akanitazama kwa mshangao, akauliza, "Baba, unaumwa?"